Mshipi na Watoto Nje ya Mbudya: Namna ya Kupanga Siku ya Oktoba

Oktoba na Novemba ni tangambili. Upepo wa kusi umechoka, wa kaskazi haujaingia, na bahari ya Dar es Salaam hutulia kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu anaweza kushika mshipi bila kushikiliwa kiuno. Mwongozo huu ni wa familia mbili au tatu zinazochangishana kukodi boti Kunduchi, zikatoka nje ya kisiwa cha Mbudya, zikavua samaki wa chini kwa mshipi wa mkono, zikarudi mchana. Anayetaka kujaza deli aende usiku na watu wazima wenzake. Ukiwa na watoto mambo yote hubadilika: tarehe, kina, ukubwa wa ndoana, hata saa ya kung'oa nanga.

Anza na mwezi

Watu wa mjini huchagua Jumamosi kwanza, halafu ndipo wanauliza habari za maji. Geuza utaratibu huo. Tafuta kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, uangalie mwisho wa wiki unaoangukia kati ya tarehe 7 na 9, au 21 na 23. Hayo ni maji mafu. Bahari hupanda na kushuka kwa mita 1 hivi, na mkondo ni mpole. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji hukimbia chini ya boti, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, halikai, mshipi unalala upande, na mtoto hajui kama ameguswa na samaki au na mkondo.

Sababu ya pili, kwangu mimi, ni kubwa kuliko hiyo. Katika pwani yetu bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne. Mkirudi saa tano asubuhi siku ya bamvua, boti inakwama mbali na mchanga, nanyi mtavuka tope na mawe mmebeba watoto mgongoni na deli kichwani. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mnaondoka maji yakipanda, mnavua yakikaribia kusimama, na saa sita boti bado inasogea hadi pale mtoto anaposhuka maji yakiwa magotini. Saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, hivyo ukiahirisha safari kwa siku tatu, panga ratiba upya.

Jioni ya kuamkia safari soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa sehemu ya upepo na mawimbi. Ikitolewa tahadhari, hakuna mjadala, hata kama chambo kimeshanunuliwa. Na kumbuka kwamba hii pia ni miezi ya vuli. Bahari inaweza kuwa kioo saa mbili, na saa tano likainuka wingu jeusi lenye radi.

Boti na makubaliano

Boti ya faiba ya mita 7 au 8 inatosha watu wazima wanne na watoto wanne, ukiacha nahodha na msaidizi wake. Itabeba zaidi, lakini mishipi itasokotana na hakutakuwa na pa kulaza mtoto aliyechoka. Kila mtoto apewe mtu mzima mmoja, kwa jina, tangu mkiwa pwani. "Sote tunawaangalia" maana yake hakuna anayeangalia. Walio chini ya miaka mitano wabaki nyumbani na bibi; hawatafurahi, na mama yao naye hatafurahi.

Kabla ya kulipa, angalia namba ya usajili na leseni ya chombo. Uliza kama kuna kasia au mashine ya pili, upo wa kukumbia maji, nanga yenye kamba ndefu, na redio ya VHF inayosikika chaneli ya 16, ile ya dharura. Kama redio hakuna, simu mbili za mitandao tofauti ndani ya mifuko isiyopitisha maji ndiyo kiwango cha chini. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, la tatu lisiguswe. Na mtu mmoja nchi kavu ajue mnakwenda upande gani, mko wangapi, na saa ngapi aanze kupiga simu.

Majaketi ya uokozi ya watoto ni nadra kuyakuta kwenye boti za kukodi. Nunua au azima ya kwenu. Mvalishe mtoto, funga mikanda yote ukiwemo ule unaopita katikati ya miguu, kisha mwinue kwa kushika jaketi mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, atachomoka nalo majini. Jaketi huvaliwa tangu kupanda hadi kushuka, na watu wazima pia wavae. Mtoto hawezi kuambiwa jambo ambalo baba yake halifanyi.

Kuhusu bei, kuna jambo dogo ambalo wengi hawalisemi, nalo huokoa siku. Nahodha mwema hujitahidi mpate samaki ili msione mmepoteza hela, kwa hiyo huchelewa kurudi. Mwondolee mzigo huo mapema: "Shikamoo mzee. Tuna watoto wanne. Mmoja akishindwa tutarudi, hata kama ni saa tatu, na hela yako haipungui." Baada ya hapo mtaona anavyowashauri kwa uhuru. Kubalianeni pia kama mafuta yamo ndani ya bei, na kitoweo cha nahodha na msaidizi wake kitatoka vipi.

Pa kuvua na pasipo pa kuvua

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975. Kuvua ndani ya mipaka yake ni marufuku. Mbudya mnaweza kushuka kuogelea mkilipa kiingilio, lakini mishipi ibaki imefungwa. Upande wa Kigamboni, visiwa vya Sinda na Makatumbe navyo ni hifadhi. Mipaka haionekani juu ya maji, kwa hiyo muulize nahodha na watu wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, pale pwani, na ukiwa na shaka nenda kwa ofisa uvuvi kabla ya siku yenyewe. Huko ndiko utaambiwa pia kama ninyi wenyewe mnahitaji kibali. Usikubali kuambiwa "hapa huwa hawaji". Vilevile msitie nanga kwenye njia ya boti za Zanzibar. Zinapita kwa kasi, na mawimbi yake hufika dakika chache baada ya boti yenyewe kusahaulika.

Mnachotafuta ni ukingo wa mwamba unaokutana na mchanga, kina cha pima 8 hadi 12. Pima ni upana wa mikono ya mtu mzima iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Pima 20 zina samaki wakubwa zaidi, lakini mikono ya mtoto wa miaka tisa huisha akiwa hajafika nusu, na chambo chake kikiliwa itabidi avute chote hicho bure. Nahodha atalipata jiwe lake kwa kulinganisha alama za nchi kavu, mnara na ncha ya kisiwa, jengo na mnazi. Waite watoto waone anavyofanya.

Kutayarisha mishipi

Fimbo na mashine za kuvutia ni nzuri, lakini kwa kina hiki mshipi wa mkono unamfundisha mtoto upesi zaidi, maana anamsikia samaki kwa kidole chake mwenyewe. Nunua nailoni nene, inayohimili kilo 30 au zaidi. Samaki hahitaji unene huo, mikono ya watoto ndiyo inayouhitaji: uzi mwembamba hukata ngozi. Zungusha pima 30 kwenye chupa ya plastiki au kibao.

Chubwi liwe mwisho kabisa, gramu 100 hadi 200. Juu yake funga ndoana mbili kwenye vipande vifupi vya uzi, vya kiasi cha shubiri moja, vikiachana ili visigusane. Chubwi lenyewe lifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Likinasa kwenye mwamba, vuta kwa nguvu: mtapoteza risasi tu, ndoana na samaki vitapanda. Ndoana ziwe ndogo, kwa sababu midomo ya samaki aitwaye changu ni midogo, na ncha ya kurudi nyuma ibanwe kwa koleo hadi ilale. Utapoteza samaki wachache. Ila ndoana ikiingia kwenye kidole cha mtoto, itatoka.

Chambo bora ni ngisi. Nyama yake ni ngumu, haidokolewi kirahisi, na kipande kimoja kinaweza kuvumilia samaki wawili. Dagaa na vibua huvutia kwa harufu lakini huliwa upesi. Nunua soko la samaki la Feri jioni ya siku iliyotangulia, kata vipande virefu vyembamba, utie kwenye kopo juu ya barafu. Kata nyumbani, kisu juu ya boti inayoyumba kati ya watoto wanne si jambo la kutafuta. Kisu kimoja tu kiende baharini, na kikae kwa msaidizi wa nahodha.

Vingine vya kubeba: deli lenye barafu, koleo, taulo kuukuu, kata mbili za kutekea maji, ndoo yenye mfuniko, kanga mbili, dawa ya vidonda na bandeji, na chupa ya chai yenye maji ya moto matupu. Maji hayo ya moto yana kazi yake, nitaieleza. Maji ya kunywa yasipungue lita 2 kwa kila mtu.

Asubuhi

Mlo uwe mwepesi: muhogo wa kuchemsha, ndizi, mkate mkavu. Chapati za mafuta na maharage subirini mkirudi. Kama mtoto huchafukwa hata kwenye daladala, muulize mfamasia mapema dawa na kipimo kinachofaa umri wake, maana dawa hizo hunywewa kabla ya safari, akishatapika zimechelewa. Vaeni mikono mirefu na kofia zenye kamba ya kidevuni. Wiki ya pili ya Oktoba jua la Dar es Salaam hupita utosini kabisa, na maji hulirudisha usoni kutoka chini.

Muwe majini saa kumi na mbili. Upepo wa alfajiri hutoka nchi kavu na bahari iko laini. Ule wa baharini huamka jua likishapanda, nao ndio unaoleta vijiwimbi vya mchana vinavyolowesha kila mtu wakati wa kurudi.

Kutia nanga

Nanga isiangushwe juu ya matumbawe. Ishushwe kwenye mchanga upande unakotoka mkondo, kisha boti iachiwe irudi nyuma taratibu mpaka iwe juu ya ukingo wa mwamba. Kamba itolewe angalau mara tatu ya kina. Wakati huo watoto wote wakae, miguu mbali na kamba inayokimbia. Msaidizi wa nahodha hana muda wa kutazama visigino vya mtu.

Nanga ifungwe omo, yaani mbele, kamwe isifungwe tezi. Boti iliyofungwa kwa nyuma hupokea wimbi mahali ilipo fupi na ilipobeba mashine.

Kushusha, kusikiliza, kuvuta

Mishipi minne majini inatosha, hata kama mko wanane. Miwili kila ubavu, mtoto mbele, mtu mzima nyuma yake. Anayepumzika na mshipi apewe kazi: kuhesabu pima, kulinda kopo la chambo, au kukumba maji. Mtoto asiye na kazi ndiye anayesimama ubaoni kuchungulia.

Sheria moja irudiwe hadi waichoke: mshipi hauzungushwi mkononi. Samaki mkubwa akivuta, mkono unafuata. Mshipi upite juu ya kidole cha shahada na kushikwa kwa viganja tu, ili ukizidi nguvu uachiliwe. Mvike mtoto glavu za kitambaa, au kata pete za mpira wa tairi la baiskeli umvishe vidoleni.

Mwache ashushe mwenyewe, akihesabu. Chubwi likigusa chini, mshipi hulegea ghafla. Hapo avute mpaka unyooke, kisha apandishe kiasi cha nusu pima, chambo kining'inie juu kidogo ya mwamba. Likiachwa limelala litanasa, au mkunga, samaki mrefu kama nyoka, atakuja. Sasa asubiri bila kuchezesha mkono.

Midonoo midogo ya haraka ni ya samaki wadogo na kikande wanaonyofoa ngisi. Asiwajibu. Changu hudonoa mara moja au mbili, kisha huchukua na kuondoka, na mshipi unakuwa mzito. Hapo ndipo anyanyue mkono juu kwa nguvu mara moja, halafu aanze kuvuta mkono kwa mkono bila kulegeza. Chewa ni habari nyingine: akishika hukimbilia pangoni, na pima ya kwanza ndiyo inayoamua. Mtu mzima asaidie pima hiyo moja tu, kisha amrudishie mtoto. Jizuie. Nimeona baba wengi wakimnyang'anya mtoto mshipi kwa furaha, wakampandisha samaki, wakapiga naye picha.

Mshipi unaopanda uwekwe kwenye karai au ndoo pana, usiachwe miguuni. Samaki aingizwe botini kwa wavu wa mkono au anyanyuliwe kwa mwendo mmoja. Wanaopotea wengi hupotelea ubavuni, pale mvutaji anaposimama kumtazama.

Ikipita nusu saa bila kitu, hamieni jiwe jingine. Na kama wanaopanda ni wadogo watupu, hameni pia. Samaki aliyetoka kwenye kina mara nyingi tumbo huwa limejaa hewa, ukimrudisha anaelea na kuliwa na ndege. Kurudisha wadogo kumi si huruma kama wote watakufa.

Nani ashikwe, nani asishikwe

Wafundishe watoto kabla ya ndoana ya kwanza kushuka: samaki yeyote anayepanda haguswi mpaka nahodha aseme. Changu, kelea na mkundaji wana miiba ya mapezi, ila wakishikwa kwa taulo kutoka kichwani kwenda nyuma hawana taabu. Kikande ana meno yanayovunja kome, vidole viwe mbali.

Bunju, yule anayejifura, arudishwe baharini. Sumu yake huua na haiondoki kwa kupikwa. Asiachwe hata kidogo mtoto akamchezea kisha akala ndizi. Mkunga hujisokota kwenye mshipi na kuuma vibaya. Kata uzi nje ya ubao, umwachie ndoana. Taa vilevile, mwiba wake uko mkiani na haurudi mikono mitupu.

Ngogo wa baharini ana miiba yenye sumu mgongoni na kwenye mapezi ya ubavuni. Akimchoma mtu, hapo ndipo ile chupa ya chai inapohitajika. Osha jeraha, kisha zamisha mkono au mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu aliye kwenye maumivu hawezi kujua kama anaungua. Kisha mrudi pwani, hospitali.

Ndoana ikizama kwenye nyama kwa kina, au ikiwa karibu na jicho, msiitoe. Kateni uzi, funikeni bila kukandamiza, mng'oe nanga. Uliza kabla ya safari nani kachomwa sindano ya pepopunda na lini.

Tumbo, jua na haja

Bahari humlevya mtu upesi zaidi akikazia macho kitu cha karibu. Simu ifichwe. Mtoto aanzaye kupauka na kunyamaza aketi katikati ya boti, mbali na moshi wa mashine, atazame ukingo wa mbali wa bahari au kisiwa, alambe tangawizi. Akitapika, atapikie upande upepo unakokwenda, anyweshwe maji kidogo kidogo. Wengine hupona papo hapo na kurudi kwenye mshipi. Asipopona ndani ya nusu saa, ondokeni. Mkimlazimisha aendelee, hamtamrudisha baharini tena.

Ndoo yenye mfuniko ni choo. Kanga mbili zikishikwa na watu wazima zinakuwa ukuta. Waambieni wasichana mapema kwamba jambo hilo limepangwa, la sivyo watakataa kunywa maji asubuhi nzima wakiogopa haja, na ifikapo saa nne kichwa kinauma.

Kurudi na kitoweo

Saa nne na nusu anzeni kukunja mishipi, hata kama samaki wanakula. Wingu jeusi likiinuka kabla ya hapo, au ikisikika radi, msisubiri.

Samaki waingie kwenye deli dakika ileile wanapovuliwa. Mwaga kata chache za maji ya bahari juu ya barafu ili baridi imzunguke samaki pande zote. Barafu isiyo na maji humgusa hapa na pale tu. Kutoa matumbo na magamba kufanyike pwani, upande wa chini ya upepo, na watoto waruhusiwe kuangalia ndani ya tumbo la chewa: mara nyingi wanakuta kaa mzima.

Gawaneni kwa mafungu, si kwa "huyu ni wangu nilimvua". Fungu la nahodha na la msaidizi wake yatoke kwanza, na yasiwe ya vibua. Mtoto ambaye hakupata kitu apewe nafasi ya kuchagua fungu la nyumbani kwao kabla ya wengine. Changu wa kiasi cha sahani mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mchome kwenye makaa, kisha mpake tui zito lenye pilipili na ukwaju, upande hadi upande, mpaka tui likaukie ngozini. Chewa ana nyama ya mchuzi.

Mishipi ioshwe kwa maji ya bomba jioni ileile na ikaushwe kivulini, kwa maana jua hudhoofisha nailoni. Chambo kilichobaki kifungwe vizuri na kuingia friza kama mna safari nyingine karibu. Ndoana zenye kutu zitiwe kwenye kopo lenye mfuniko kabla ya kutupwa, paka wa Kunduchi ni wengi na wote wana njaa.